Mama wa Mapazia Aliyepanda Mawe

Jumatano asubuhi, nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi, nilipigiwa simu na rafiki yangu anayekaa Mtoni. Alinisalimu kwa sauti ya chini mno, nikajua kuna msiba kabla hajautaja. Yule mama aliyekuwa akiuza mapazia karibu na barabara ya Kilwa, akasema, ametutoka alfajiri. Aliugua kifua kwa muda mfupi, watu wakadhani ni mafua ya msimu, naye mwenyewe akadhani hivyo hivyo. Maziko yalikuwa siku hiyo hiyo, baada ya swala ya alasiri. Wasomaji wangu wengi hamkumjua, na sioni sababu ya kumtaja jina sasa, ilhali wakati wa uhai wake hakupenda kutajwa. Mimi ni mtu wa bara na wa kanisani, yeye alikuwa mwenyeji wa Pwani aliyezaliwa Temeke na kuzeekea Temeke. Hatukuwa ndugu, wala sitajidai kwamba tulikuwa marafiki wa karibu. Lakini kuna maswali niliyowahi kumuuliza mama huyu, na majibu yake bado nayatafakari.

Nilimfahamu tulipohamia Kinyerezi, nyumba ikiwa na madirisha makubwa na mke wangu akiwa hataki jirani hata mmoja atuone tukila. Mama huyo alikuja mwenyewe na kirikuu chake, kile kigari kidogo cha mizigo, kupima madirisha. Alikuwa mtu mzima wa makamo, mnene kiasi, mwenye baibui safi na futi ya kupimia imening'inia shingoni. Juu ya jicho lake la kushoto palikuwa na plasta, na shavu lilikuwa bado limevimba. Mke wangu, ambaye ana adabu kuliko mimi, alijifanya hakuona. Mimi nikauliza. Nilitarajia aniambie ameteleza bafuni, au jambo lingine ambalo wanawake husema wanapotaka kuficha ugomvi wa nyumbani. Akanijibu bila kuacha kupima, "Gari lilinilalia, kaka. Nilikuwa napanda mawe." Nikamwomba arudie. Akarudia, kisha akacheka kwa jinsi nilivyobaki mdomo wazi, na wakati anamaliza dirisha la sebuleni tayari alikuwa ameanza kunieleza.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu aliyetengeneza mageti na nondo za madirisha ya nusu ya mtaa wao. Kwa miaka kadhaa, kila alipopata nafasi, alikuwa akiliunda upya gari moja dogo la Kijapani la milango miwili. Alilinyanyua juu, akalifunga matairi mapana kama ya trekta, akaondoa paa na kuweka mahali pake kizimba cha mabomba ya chuma ili gari likipinduka lisimponde aliye ndani. Alitaka kuingia nalo kwenye mashindano ya kupanda mawe, ambayo wenye magari ya namna hiyo huyafanya katika machimbo ya zamani ya kokoto upande wa Kinondoni. Kabla hajalimaliza akapata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, na maneno yakampotea. Anataka maji, mdomo unasema mlango. Kila alipojisikia akikosea alikasirika, mwishowe akaacha kabisa kusema. Daktari alimwagiza afanye mazoezi, akakataa. Alikuwa akikaa kitandani akiutazama ukuta. Ndugu wakaanza kuulizana gari lile lichukuliwe na nani.

Siku moja mama huyu aliliwasha ili tu kulisogeza kutoka uani, apate nafasi ya kutundika vitambaa. Aliposhuka alimkuta mumewe amesimama mlangoni, ameshikilia fremu kwa mkono mmoja, anatetemeka. Alikuwa ameamka mwenyewe na kutembea mwenyewe, jambo ambalo hakuna aliyefanikiwa kumbembeleza alifanye. Aliegemea fremu kwa bega. Alinyanyua mkono wa kushoto, ulio mzima, akamwonyesha kwamba usukani umekatwa mno. Mama akarudi ndani ya gari, akaunyoosha. Kesho yake akaliwasha tena, ingawa vitambaa vilikuwa vimeshakauka.

Watu wakisikia mashindano ya magari hufikiria mbio, na mimi pia nilidhani hivyo. Kumbe huku hakuna mbio. Gari linatambaa juu ya miamba, jiwe hadi jiwe, likipita katikati ya vigingi, taratibu kuliko mtu anayetembea na mzigo. Ukigusa kigingi unapunguziwa alama. Dereva aliye ndani haoni matairi yake yanakanyaga wapi, maana boneti inamziba, kwa hiyo kila gari lina muongozaji anayesimama mbele na kumwonyesha kwa mikono: njoo, simama, kata kulia, rudi kidogo. Ni kazi ile ile ya utingo wa lori anapoliingiza sokoni, ila hapa kosa dogo linaliangusha gari. Mama wa mapazia, ambaye maisha yake yote alikuwa ameendesha kirikuu cha vitambaa tu, aliamua kwamba ataendesha yeye na mumewe ataongoza. Walijifunza kwenye kifusi cha jengo lililovunjwa nyuma ya nyumba yao. Mkono ulikuwa mmoja, kwa hiyo wakatunga ishara zao wenyewe. Wanawe walidhani mama yao amechanganyikiwa. Majirani walileta viti wakatazama.

Siku ya mashindano wasimamizi waliwapokea vizuri, lakini wakasema muongozaji lazima aweze kuruka pembeni gari likiteleza, na mtu wa mkongojo hawezi. Wakampa mama kijana mmoja wa kumwongoza. Akamshukuru, akamkataa. Mwisho wakakubaliana mumewe asimame nje ya kamba, ambako kuna usalama, ingawa kutoka pale aliyaona mawe kwa ubavu tu. Walipita kizuizi cha kwanza na cha pili. Kwenye mwamba mkubwa, mume akaonyesha kulia. Watu waliokuwa wakitazama wakaanza kupiga kelele kwamba hapana, kushoto, mama, kushoto. Mama akakata kulia. Tairi la mbele likapanda, la nyuma likakosa pa kukanyaga, na gari likalala ubavu polepole kama mtu anayejinyoosha kitandani. Mumewe alivuka kamba na mkongojo wake, akapita juu ya mawe yale yale aliyokatazwa kuyakanyaga, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Alipomwona mkewe akitoka na damu usoni alijipiga kichwani kwa ule mkono mzima, mara mbili tatu, hadi mama akaushika na kuutuliza.

Hapo kwenye masimulizi yake mama alikuwa amefika dirisha la chumbani kwetu, mimi nikimfuata nyuma kama mtoto anayesubiri mwisho wa hadithi. Nikamuuliza swali lililokuwa likinikereketa. "Dada, ulipoona ule mkono, ulijua kwamba anakosea?"

"Nilijua."

"Sasa ukamfuata kwa nini?"

Alisoma futi kwanza. Kisha akasema, "Ningemkatalia mbele ya watu wote wale, angeunyanyua tena lini huo mkono?"

Sikuridhika. Nilimwambia kwamba angeweza kuumia vibaya. Akasema mkanda alikuwa ameufunga, na kile kizimba mumewe alikichomelea akiwa mzima. Yeye alikuwa anakiamini kuliko alivyoniamini mimi kwamba nitatundika fimbo za mapazia zikanyooka. Mke wangu alicheka sana kwa hilo. Mimi usiku huo nilibaki nikijiuliza kama nimesikia habari ya mapenzi au ya ujinga, na kusema kweli sikuweza kuamua. Mtu mwenye akili zake anapinduka na gari kwa makusudi, ili mwingine asivunjike moyo? Na yule mwingine akija kujua kwamba ulimwachia akosee, hatavunjika zaidi?

Kwa sababu ya maswali hayo, yalipokuja mashindano mengine nilikwenda machimboni kutazama. Vumbi lilikuwa jeupe kama unga na jua halikuwa na huruma. Vijana wenye karakana zao walikuwa wamekuja na magari ya kila rangi. Katikati yao mama wa mapazia alikuwa amevaa dera juu ya suruali, ushungi umefungwa vizuri chini ya kofia ngumu. Mumewe alikuwa amesimama nje ya kamba. Ndiyo kwanza nilimwona; alikuwa mnene kidogo, na alinipa mkono wa kushoto akatamka "karibu" kwa taabu, lakini akalitamka.

Walifika kwenye mwamba wenye ufa mpana katikati. Mume akaonyesha kushoto. Gari likasimama. Nikaona mkono wa mama ukitoka nje ya kizimba, ukapunga: hapana. Kelele zikakatika. Mume akaonyesha kushoto tena, safari hii kwa hasira, akigonga mkongojo chini. Mkono wa mama ukapunga vile vile. Injini inaunguruma, msimamizi anatazama saa yake, na wale wawili wametazamana kama watu wanaogombana jikoni. Nilifikiri mzee atageuka aondoke. Badala yake alisogea pembeni kidogo kidogo akiifuata kamba, akainama kwa shida, akachungulia chini ya gari. Alikaa hivyo muda. Aliponyanyuka alifuta hewa kwa kiganja kama mtu anayefuta ubao, akaonyesha kulia. Mama akaondoa breki, gari likapanda, likayumba, likapita.

Hawakushinda. Walikuwa karibu na mkia, na waliopata zawadi walikuwa wale vijana. Lakini nilimfuata mama alipokuwa akinywa maji kivulini nikamuuliza kwa nini leo amemkatalia, tena mbele ya watu, wakati mara ile aliona bora apinduke. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo ambalo kila mtu analijua.

"Mara ile alikuwa mgonjwa," akasema. "Leo ni mume wangu, tena ni fundi. Fundi akikosea anaambiwa."

Nimeandika safu hii kwa miaka mingi na nimewahoji watu wenye vyeo, na sikumbuki jibu lililonishughulisha kama hilo. Nililoliona kuwa ni ukigeugeu, kwake lilikuwa jambo moja. Kwanza alimpa mumewe nafasi ya kukosea, akaigharimia kwa uso wake mwenyewe. Halafu, alipoona mtu wake amepata nguvu, akampa nafasi ya kubishiwa. Sisi wengine huwa hatufanyi lolote kati ya hayo mawili. Mtu akiugua katika nyumba zetu tunampokonya kila kitu kwa upole: pumzika baba, kaa mama, acha tutafanya sisi. Tunamlisha, tunamvalisha, tunamnywesha dawa za kila aina, na hatumuulizi tena hata kama mboga ichemshwe au ikaangwe. Akisema jambo lisilo sawa tunamwitikia ndiyo, ndiyo, kisha tunakonyezana. Hayo tunayaita heshima. Mtaani kwetu wapo wazee waliojenga nyumba ambazo leo hawaulizwi geti lipakwe rangi gani. Sijui mama yule alijuaje ni siku ipi mgonjwa ameacha kuwa mgonjwa. Hilo sikumuuliza, na sasa sina wa kumuuliza.

Siku ya msiba nilikaa chini ya turubai pamoja na wanaume. Mama alikuwa ameshapumzishwa, watu wamerudi kutoka makaburini, sinia za wali zimeanza kuzunguka. Ndugu wa mume, watu wazima waliotoka Tanga na kwingineko, walikuwa wameketi kumzunguka, wakijadili atakaa na nani sasa. Mmoja alisema atamchukua yeye, kule kwake kuna hewa nzuri. Mwingine akasema hapana, aende Mwananyamala kwa dada yao aliye karibu na hospitali. Walizungumza kwa huruma ya kweli, sitawasema vibaya. Lakini walizungumza kana kwamba hayupo, naye ameketi katikati yao na kanzu yake, anatazama mkeka.

Binti yake mkubwa alitoka ndani kuleta maji ya kunawa. Alisimama akiwasikiliza, birika mkononi. Kisha akapiga magoti mbele ya mkubwa wao, akamwamkia upya kama mtu anayeomba ruhusa, na kusema, "Baba mdogo, baba anasikia. Naomba mumuulize mwenyewe."

Yule baba mdogo, kwa aibu, akakunja miguu vizuri, akamgeukia kaka yake, na kumuuliza polepole, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mkubwa wake, angependa kukaa wapi. Jibu lilichelewa. Tuliona midomo ikijaribu neno moja, ikaliacha, ikajaribu lingine. Mdogo mtu mmoja akataka kumsaidia, binti akamtazama, akanyamaza. Tukangoja, wali ukipoa kwenye sinia, na hakuna aliyeutazama.

"Hapa," akasema.

Yule aliyetoka Tanga akamwambia kwamba hapa hakuna wa kumwangalia mchana, binti ana kazi zake, na yeye kama mdogo wake haafiki. Alimbishia kabisa, kwa hoja, kama ndugu wanavyobishana. Mzee akatikisa kichwa, akarudia neno lake kwa nguvu zaidi, na ikabidi wapange upya.

Anayempenda mgonjwa amuulize, kisha akae kimya asubiri jibu, hata likichelewa. Na likija ambalo halimpendezi, ambishie kama anavyombishia mtu mzima yeyote.