Ukurasa wa Vitu Vilivyopotea

Ovadia Tsarum, fundi bomba wa mtaa wetu hapa Yerusalemu, aliacha shule akiwa na miaka kumi, akaanza kusoma Talmudi, vitabu vya sheria yetu ya Kiyahudi, akiwa na hamsini. Kitabu kimoja kilimchukua miaka sita. Nami nilikuwa miongoni mwa waliosema hafiki popote.

Siku ya kuamkia Pasaka, wanaume vifungua mimba hufunga. Lakini mtu akihitimisha kitabu cha Talmudi mbele yao, mfungo huondoka, watu wakala. Mwaka huo Rabi Nisimu alimpa Ovadia heshima hiyo. Tulifika sinagogi kumi na wawili asubuhi, matumbo yakinguruma, keki ziko mezani. Baada ya saa nne chochote chenye chachu, keki pia, ni marufuku kwetu mpaka sikukuu iishe.

Ovadia akafungua kitabu kwenye mistari ya mwisho, akakifunga tena.

"Rabi, sijamaliza. Kuna ukurasa sikuusoma."

Ulikuwa wa juma alilofiwa na mkewe, Zohara. Mfiwa hasomi Talmudi siku saba, kwa kuwa kusoma ni raha. Shealtieli, mwenzake wa kusoma, aliendelea peke yake, na Ovadia aliporudi wakashikia pale alipofika mwenzake. Hakuna aliyekumbuka hadi asubuhi ile.

Shealtieli akamwambia amalizie tu, huo mwingine atausoma baadaye.

"Niwalishe watu kwa uongo? Keki ingekupita kooni kweli?"

"Yangu ingepita vizuri tu."

Rabi akacheka, akamwambia Ovadia akae atufundishe ukurasa huo. Nilitazama saa, nikamlaani kimoyomoyo.

Alisoma polepole, kidole kwenye mstari, jasho likimtoka. Ulihusu vitu vilivyopotea: mwenye kitu asipokata tamaa, kitu bado ni chake. Akamuuliza Shealtieli swali, Shealtieli akaanza kupekua kurasa. Tukaanza kubishana sote, hata mimi. Saa nne ikapita bila kuonekana, na keki zile nzuri zikaenda kuchomwa uani, kama sheria itakavyo, pamoja na mikate iliyobaki.

Ndipo akasoma mistari ya mwisho, kisha maneno tunayokiambia kitabu tukikimaliza: kwamba tutakirudia, hatutakisahau, nacho kisitusahau. Hapo sauti ikamkatika. Alikuwa anamwambia Zohara, na sote tulijua. Shealtieli akamshika bega, wakamalizia pamoja.

Tukala mayai na tende. Ovadia akajifuta macho, akafungua kitabu kingine ukurasa wa kwanza, akauliza nani atasoma naye, maana Shealtieli ana haraka mno.

Nikasema mimi.