Wifi Aliyeacha Kuchuchumaa

Kwetu Ufipa mwanamke humsalimu mama mkwe akiwa amechuchumaa, huku akipiga makofi taratibu. Wifi yangu, mke wa kaka, aliacha kufanya hivyo baada ya kujifungua mtoto wa nne. Akawa anainama kidogo, anasema shikamoo, basi.

Mama aliona ni dharau. "Ananisalimu kama mgambo wa soko," aliniambia nilipopita Milanzi, anakoishi pamoja na kaka na mkewe. Alisema atamwambia kaka amrudishe kwao Muze akafundishwe upya adabu. Mama hakuwa mtu wa kutishia bure.

Nilimkuta wifi uani akifua, beseni ameliweka juu ya pipa badala ya chini. Nikamuuliza bila kuzunguka.

"Wifi, nikichuchumaa kuna kitu kinashuka huku chini. Kama yai. Nikilala kinarudi. Siku niliyobeba ndoo nyingi, jioni ndiyo kinazidi." Alikamua nguo iliyokwisha kukamuliwa. "Usimwambie kaka yako. Labda ni kansa."

Mimi niliishia darasa la saba, lakini nina vitabu vya uuguzi vya mitumba nilivyonunua sokoni Majengo, na nimevisoma kwa miaka. Nilimweleza nilivyoelewa: kizazi, kibofu na utumbo wa haja kubwa vimekaa juu ya misuli iliyotandazwa chini ya nyonga kama mbeleko. Kuzaa huilegeza. Mizigo mizito, kikohozi kisichoisha na choo kigumu huivuta zaidi. Mbeleko ikilegea, mtoto hushuka. Lakini kitabu hakiwezi kumpima mtu. Kesho yake tukaenda hospitali.

Daktari alimpima, akamwambia akohoe, akasema kizazi kimeshuka, si kansa. Alimwekea pete laini ya mpira ya kukishikilia, akamfundisha kubana misuli kama mtu anayezuia mkojo, akamkataza ndoo kubwa. Pete ikishindwa, upo upasuaji.

Njiani wifi aliniruhusu nimweleze mama. Nilimweleza kwa Kifipa, polepole, wifi akiwa amesimama mlangoni. Mama alisikiliza huku akitazama mikono yake. Kisha akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka mbele ya mkwewe.

"Kalia hapo, unisalimie."

Wifi akakaa, akapiga makofi. Mama akaitikia. Wifi alipokwenda jikoni, mama alinigeukia na kushusha sauti.

"Hiyo pete, wanawapa hata wazee?"