Picha Mbili za Goti la Dada

Niliyoyaona ni haya: chumba cha kupanga kando ya barabara kuu pale Mikumi, chupa ndogo za dawa katika droo ya meza, na picha za eksirei za goti la dada yangu. Mengine niliyasikia tu, na nitayataja hivyo.

Ilikuwa miaka ya soko huria, ambapo aliyeweza kulipa pango la chumba aliweza pia kujiita mtaalamu. Kijana mmoja mwenye koti jeupe alitangaza kwamba sindano zake zina seli shina, yaani chembe changa ziwezazo kugeuka nyama au mfupa, pamoja na vichocheo vya kuzikuza. Gegedu lililolika gotini, yaani ule mto laini unaotenganisha mifupa, alidai, lingeota upya. Huko kijijini Ulaya, wilayani Kilosa, alikoishi dada, ilisemwa kwamba mzee mmoja wa Magole ameshatupa mkongojo. Nilitafuta mtu aliyemwona mzee huyo kwa macho yake. Kila niliyemuuliza alikuwa ameambiwa na mwenzake.

Dada alitaka jambo moja: kusujudu tena, badala ya kuswali ameketi. Nilipopata habari alikuwa ameshachomwa sindano tatu na ameitwa kuonyeshwa matokeo. Nilifuatana naye.

Kijana aliniamkia kwa adabu. Nilimuuliza chembe hai anazihifadhi wapi, maana jokofu sikuliona, na joto la mle ndani lilitutoa jasho sote watatu.

“Zimelala, mzee wangu. Zikiingia mwilini zinaamka.”

Nilimwambia nimefundisha biolojia hadi kustaafu na sijaona chembe hai ya binadamu inayolala kwenye droo.

“Mdogo wangu,” dada alinikanya, “hapa si darasani.”

Ndipo kijana alipoinua picha mbili dirishani. Katika ya kwanza, iliyopigwa hospitalini Kilosa kabla ya sindano, mifupa ilikaribia kugusana. Katika ya pili, iliyopigwa alikoelekeza yeye, palikuwa na nafasi. Dada alitokwa na machozi ya furaha. Nilimuuliza alipigwaje picha hizo. Ya kwanza alikuwa amesimama. Ya pili alilazwa kitandani.

Hasira niliyoipata siku ile haijanitoka. Mtu akisimama, uzito wake huibana mifupa ya goti, akilala, huachia. Hilo ndilo gegedu aliloliotesha!

Nilimrudisha dada Kilosa, akapigwa tena amesimama. Mifupa ilikaribiana vilevile. Daktari alituambia kwamba utafiti wa seli hizo upo kweli, lakini ni wa maabara na wa majeraha madogo ya gegedu, si wa goti lililochakaa lote. Hayo niliyasikia kwake, sikuyashuhudia.

“Kwa hiyo nisirudi?” dada aliuliza.

“Usirudi,” nilimwambia.

Siku ya sindano ya nne nilikuwa nyumbani kwake tangu alfajiri hadi jua lilipozama. Hakwenda Mikumi.