Ndege Iliyokwama kwa Fundi wa Mageti

Saa moja asubuhi, Zadock Owiti anaanza kazi kwa kumfukuza kuku kutoka kwenye kiti cha rubani. Kuku anatoka kwa matusi yote ya kikuku, anaruka juu ya ua wa ojuok, yaani minyaa, na kutua upande wa pili, kwenye malisho yanayoteremka hadi Ziwa Victoria.

"Unaona? Hata huyu ashatoka," anajisemea Zadock, akipangusa kiti. Yai analitia mfukoni.

Kiti hicho kimo ndani ya ndege iliyoegeshwa kati ya jikoni na zizi. Si mchezo wa watoto. Ni ndege ya watu wawili, ina injini, ina usukani, ina maboya mawili ya alumini ya kuelea majini. Imekamilika tangu Pasaka, na tangu Pasaka haijatia pua nje ya boma.

Linalomuuma Zadock, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ni kwamba yeye ni fundi wa mageti. Geti lolote imara utakalogonga karibu na soko la Kombewa, huenda ni yeye aliyelichomelea. Lakini lango la boma lake mwenyewe linapitisha mkokoteni na ng'ombe wawili, tena wakibanana. Mabawa ya ndege yanataka mita tisa.

"Siku hizi watu hawanisalimii," analalamika. "Mtu akifika anauliza tu, 'Fundi, itaruka lini?' Itaruka? Mimi naomba itembee kwanza!"

Ndege hiyo iliingia bomani ikiwa vipande ndani ya makreti. Zadock aliinunua kwenye mnada Nairobi, mwenye nayo wa awali akiwa amekata tamaa ya kuiunganisha. Ng'ombe watatu na pikipiki wakatoka, makreti yakaingia. Mkewe, Dorca, bado anamtaja kila ng'ombe kwa jina chai inapokosa maziwa.

Kwa miaka sita, kila alipomaliza mageti ya watu, fundi alirudi kwenye ribiti zake, pini za kuunganishia mabati ya ndege. Magurudumu aliyang'oa, akaunda maboya, maana kwao uwanja wa kutua ni maji. Nia yake ni kupeleka vipuri visiwani. Amewaona wavuvi wakikaa wiki nzima wakitazamana kwa sababu ya skrubu moja ya injini.

Kosa alilifanya kwenye mabawa. Kiwandani yaliundwa yakunjike, kila bawa na bawaba yake. Zadock, ambaye amebadilisha bawaba za mageti zilizolegea maisha yake yote, akaguna.

"Bawa lenye bawaba ni la kuku," alisema siku hiyo. Akayakaza kwa ribiti na mihimili, yasikunjike milele.

Valerie, rubani mwenye leseni kutoka mjini Kisumu atakayeijaribu, alikuja kuikagua. Akagonga huku, akavuta kule, akasema kazi ni safi. Kisha akageuka, akatazama lango.

"Fundi," akauliza taratibu, "inatokea wapi?"

Hapo ndipo Dorca alipoketi chini.

Walijaribu kuitoa kiubavu, kama watu wanaohamisha kochi. Bawa moja likapita, mkia ukagoma. Nguzo ya lango ingali na kovu.

Sasa ni Jumanne. Ijumaa mkaguzi wa ndege anatoka Nairobi kuja kuiona ikielea. Asipoikuta majini, Zadock anarudi mwisho wa foleni, na foleni hiyo ni ya mwaka mzima.

Njuguna, jirani muuza mabati ambaye asili yake ni Nyeri, anaingia akiwa na ushauri kabla ya salamu.

"Fundi, si ukate hayo mabawa halafu uyaunge huko nje?"

"Niweke kiraka? Wewe utapanda ndege yenye kiraka?"

"Mimi hata bila kiraka sipandi. Basi panua lango. Si ni nguzo tu?"

Zadock anashika kichwa. Lango hilo, rangach kwa Kijaluo, lilisimikwa na marehemu baba yake siku alipoanzisha boma. Halisogezwi kama kiti cha hoteli.

"Ehe, basi toboa ua!"

"Nani anatoboa ua?" sauti inauliza kutoka jikoni.

Ni Mama Rachael Aloo, mamake Zadock. Anatoka na kikombe chake cha uji. Njuguna ghafla anavutiwa sana na maboya.

"Hapa kwetu tundu kwenye ua hutobolewa kwa sababu moja tu," mama anamwambia, "na sababu yenyewe huwa haipumui, inapelekwa kuzikwa."

"Pole, Mama."

"Basi niambie nifanye nini!" Zadock analipuka. "Lango haliguswi. Ua hautobolewi. Bawa halikatwi. Ijumaa ndiyo hiyo!"

Wakati huohuo kuku anarejea. Anaruka juu ya ua, anatua kwenye bawa, anajikung'uta.

Mama anamtazama kuku. Anamtazama mwanawe.

"Wuoda, mwanangu, hiki ulichojenga ni nini?"

"Ni ndege, Mama."

"Na ndege hupita langoni?"

Zadock anajaribu kujitetea kwamba haijaruka bado.

"Sijasema iruke. Nimesema ipite juu. Mashua ina miguu? Si wale vijana wa ufuoni huibeba mabegani? Huu ua hunyolewa kila mwaka. Unyoeni hadi magotini, waivushe. Kunyoa si kutoboa."

Dorca anatokea na sufuria mkononi. "Mama! Tangu Pasaka! Si ungesema?"

"Mliniuliza habari ya lango," anajibu mama, akinywa uji. "Hakuna aliyeniuliza habari ya ndege."

Zadock anakwenda kuchukua panga. Mpango wake ni huu: Alhamisi wavuvi waivushe na kuishusha hadi majini, Ijumaa mkaguzi aikute inaelea.

"Baada ya hapo mniulize itaruka lini," anasema. "Nitajibu kwa adabu."

Anaukata ua. Utomvu mweupe unaruka, naye anafumba jicho moja.

"Fundi," Njuguna anaita kutoka nyuma. "Na ikirudi, itaingilia wapi?"

Panga linasimama hewani.

"Italala ziwani na mashua," anasema Zadock bila kugeuka. "Humu hairudi hata ikilia."