Mama Folio na Folda ya Umma

Mama Folio hakuwa mtu wa kuamini kitu alichokikuta tayari. Miaka ishirini na miwili alitunza masjala ya hospitali yetu, na hakuna karatasi iliyoingia kwenye faili lake bila kuandikwa namba, ile inayoitwa folio. Jina likamganda. Masjala ilipofungwa, mkuu akamleta kwangu chumba cha kompyuta nimfundishe kutengeneza tovuti. Baada ya mwezi niandike ripoti: abaki, au apewe barua ya kustaafu mapema.

Sitadanganya, alinichosha siku ya kwanza. Nilimwonyesha jinsi mradi mpya unavyoanzishwa: unaandika amri moja, unasubiri kidogo, folda zinajipanga zenyewe kwenye skrini na mafaili yake ndani. Mimi hufurahi, kama mtu aliyeamka akakuta nyumba imeshafagiliwa. Yeye alivaa miwani, akarudisha kiti nyuma.

"Nani kaweka haya?"

Nikamwambia ni mfumo wenyewe, kila mradi huanza hivyo. Akataka kujua huo mfumo ni mtoto wa nani. Akachapisha orodha nzima, akashika kalamu nyekundu, akaanza kuipitia kama anayekabidhiwa ofisi na mwizi. Hili la nini? La mipangilio. Na hili lenye nukta mbele ya jina, mbona linajificha? Ndiyo kawaida yake, mama. Akaguna. Folda nzito kuliko zote, yenye vifurushi vya programu vilivyoandikwa na watu wa mbali, ilimnyima raha siku mbili: watu hata sura hatuwajui, alisema, tumewapa funguo za nyumba. Wiki ikaisha hatujaandika hata ukurasa mmoja. Kimoyomoyo ripoti yangu ilikuwa tayari: mzito, mbishi, hafai.

Siku moja, tukinywa chai, alinieleza kilichomfanya awe hivyo. Miaka miwili nyuma aliugua ugonjwa ambao hakutaka ujulikane. Alitibiwa hapahapa, akamwambia mtu mmoja tu, wifi yake. Haukupita mwezi, mtaa mzima ukajua, hadi muuza duka akampa pole. Tangu siku hiyo hajamsemesha wifi, hata walipokutana msibani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akaendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Jumatatu tukafika kwenye folda ya umma. Nikamweleza kwamba kila kinachowekwa humo dunia nzima inaweza kukifungua, bila nywila. Akaacha kuandika.

"Hata jirani yangu?"

"Hata jirani, mama. Akitafuta tu jina mtandaoni, linamtokea."

Akauliza kama tovuti yetu ya zamani inayo folda hiyo. Inayo, nikajibu, tena niliitengeneza mimi mwenyewe. Nilisema hivyo kwa maringo kidogo. Nikamfungulia aione, nikatoka kwenda kumrekebishia mhasibu mashine ya kuchapisha.

Niliporudi nilikuta karatasi juu ya kiti changu: orodha ya wagonjwa wa kliniki, majina, simu na maradhi. Nikakumbuka palepale. Daktari aliitaka haraka, nikaiweka humo kwa dakika tano aishushe, nikasahau kuitoa. Miaka miwili. Kwa kalamu nyekundu alikuwa ameiandika folio namba moja, na kulipigia mstari jina la kumi na saba. Lilikuwa lake.

Nikaomba radhi. Laiti angenigombeza. Aliniambia niifute, akasimama nyuma yangu mpaka nilipomaliza, kisha akahakikisha kwa simu yake. Halafu akanisogezea ile karatasi.

"Andika aliyeiweka, na tarehe. Usaini."

Nikasaini. Akaikunja akaitia kwenye pochi, akachukua koti lake. Ilikuwa saa nne asubuhi, na mama huyu hajawahi kutoka kazini kabla ya muda. Nilijua anaipeleka kwa mkuu, na nilistahili. Nikamuuliza hata hivyo.

"Kwa mkuu utakwenda mwenyewe," akasema. "Mimi naenda kwa wifi. Miaka miwili nimemnyima salamu kwa kosa lako."