Ilitoka, Haikutolewa

Ukimwambia Bi Mwanaesha siri, hesabu umeizika. Mimi ni jirani yake hapa Kibokoni, nimemchokonoa kwa kahawa, kwa halua, hata kwa ugomvi, na sijaambulia jina hata moja. Ndiyo kazi ya somo. Huwafunda wari, mabinti wanaoolewa, mambo ya unyumba, huwatia hina, huwasindikiza mpaka chumbani, na analoambiwa na mwari hata mama mzazi halisikii. Masomo wengine kazi yao huisha na harusi. Yeye haachi. Mwari wake akiugua, humwita yeye kabla ya mume.

Basi aliponiambia atakwenda Ganjoni kusema mbele ya kamati ya bunge, nilidhani ameshikwa na homa. Kamati ilikuwa ikikusanya maoni kuhusu mswada wa kurekebisha sheria ya utoaji mimba. Katiba inamruhusu mhudumu wa afya aliyefunzwa aitoe mimba iwapo maisha au afya ya mama yamo hatarini, lakini sheria ya zamani ya jinai ingalipo na kifungo chake, na wahudumu wengi wanaogopa hata kumgusa mwanamke anayevuja damu. Mswada ulikuwa wa kuwaondolea hofu hiyo.

Nduguye mdogo, Fuad, alikuja asubuhi kumzuia.

"Dada, utatuvunda uso. Watu watasema wewe wawafunda wari kutoa mimba."

"Wasemao watachoka," alijibu, akijifunga buibui. "Mwari wangu alifukuzwa mlangoni mwa zahanati na damu yamtoka. Mimi nisiposema, nani atamsemea? Wewe?"

Fuad akampisha mlangoni. Nikamfuata Bi Mwanaesha, si kwa ushujaa, ni kwa kuwa nilitaka kusikia.

Ukumbini alisema bila kutetemeka. Mwari wake, ambaye hakumtaja, mimba ilimtoka yenyewe. Zahanati ya kwanza iliwaambia waende polisi kwanza wakalete barua. Ya pili nayo ikasema hivyo hivyo. Walizunguka na tuk-tuk kiti kimelowa damu, na walipompata daktari wa kumtibu, kizazi kilikuwa cha kuondolewa tu.

"Yu hai," alisema. "Lakini hatazaa."

Karani, Bi Janet, akamsomea maneno yake ayathibitishe. "Mimba ilitolewa..."

"Ilitoka. Haikutolewa."

"Ni mamoja, mama."

"Si mamoja. Kutolewa kuna mkono wa mtu. Futa."

Mwenyekiti alimwomba akae. Akasema hakai mpaka neno lifutwe, na kweli hakukaa. Karani akafuta. Wanawake tukapiga makofi, na yangu yalikuwa makubwa kuliko ya wote.

Hapo msichana mmoja akasimama nyuma. Alikuwa mtu wa mtaa wa Buxton, nilimjua kwa sura.

"Mimi yangu niliitoa," alisema. "Damu ikanishinda, nikafukuzwa vile vile. Mimi nilistahili kufa?"

Makofi yakakatika. Mama mmoja alivuta astaghfirullahi ndefu. Askari wa mlangoni akageuza shingo. Nilimwonea haya msichana yule, kisha nikajionea haya mwenyewe kwa kumwonea.

"Jina lako, binti, liandikwe," alisema mwenyekiti.

Msichana alimtazama askari. Akajivuta nyuma kuelekea ukutani.

Bi Mwanaesha alikuwa bado amesimama mbele. Nilijua linalompita moyoni, maana ni mcha Mungu, na neno alilolipigania sasa hivi lilikuwa limemweka msichana huyu upande wa pili. Kisha akatembea mpaka nyuma, akamshika mkono.

"Huyu ni mwari wangu," alisema.

"Tunataka jina, mama."

"Somo hataji jina la mwari wake. Andika mwari wa Mwanaesha, alifukuzwa na damu yamtoka."

Karani alimtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akatazama meza. Kalamu ikaandika.

"Kwa hivyo," aliuliza Bi Janet, "wari wako ni wawili?"

"Ni wawili. Na kama humu ndani yuko mwengine, naye pia ni wangu."

Nyuma yangu nikasikia kiti kikisogezwa, mwanamke mwengine akiinuka.