Jikleri ya Pikipiki ya Kayemb

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana wala kitambaa cha kufutia mikono. Shefu wa Garaji alinionyesha kreti tupu ya soda, akaniambia nikae pale mlangoni nitazame watu wanaoleta pikipiki. Nisitazame pikipiki, nitazame watu.

"Moto haisemaka bongo, Mukendi," aliniambia. Bongo kwetu Katanga ni uongo, moto ni pikipiki, na njo ni ndio. "Batu njo banasemaka bongo. Mutu akisema, 'Tata, imekufa yenyewe,' weye angalia mikono yake."

Nilikaa kwenye kreti ile siku tatu. Mmoja alikuwa amezama na pikipiki mtoni, akasema ni umande. Mwingine alikuwa amepakia magunia mawili ya mahindi na mkewe juu yake, akasema barabara mbaya. Mikono yao ilikuwa inakuna shingo, inapapasa vifungo vya shati, inatafuta pa kukaa. Siwezi kuficha kwamba ilinipendeza. Nilikuwa kijana, na watu wazima walikuwa wakinidanganya huku mimi nikijua.

Hiyo ilikuwa garaji ya ofisi ya afya hapa Kolwezi. Tulitunza pikipiki za wauguzi waliopeleka chanjo vijijini, pikipiki za Kijapani za zamani, zote za kabureta. Ninyi vijana mnaotengeneza hizi za Kichina mnaniita kila nikipita kwenye vibanda vyenu: Tata, kwa nini hii kuukuu inakohoa, kwa nini inawaka asubuhi na kugoma mchana, kwa nini inakunywa esansi, petroli yetu, kama ng'ombe? Nitawaambia nilivyofanya kazi hiyo. Nitawaambia na kosa nililolifanya, maana bila hilo nisingechukua kalamu.

Kabureta huchanganya hewa na esansi kabla ya kuingia kwenye injini, hakuna muujiza mwingine humo. Chini ina bakuli dogo. Ndani ya bakuli kuna floteri, kidude kinachoelea. Esansi ikijaa, floteri inapanda na kufunga mlango. Kutoka bakulini esansi inapita kwenye jikleri, skrubu fupi ya shaba ya njano yenye tundu katikati, jembamba mno; ukiielekeza kwenye jua unaona nukta tu ya mwanga. Esansi ikipita kidogo, injini inachemka na buji, ile plagi ya cheche, inatoka nyeupe. Ikipita nyingi, moshi ni mweusi, buji inatoka na masizi, na tangi linaisha upesi. Kwa hiyo usianze kufungua kila kitu kama mtu anayetafuta pete iliyopotea. Fungua buji kwanza, usome rangi yake. Ikiwa nyeusi, tazama filta ya hewa, kwa maana vumbi letu linaziba hata pua za watu. Tazama sitateri, ule mkono wa kuwashia asubuhi, kama umekwama. Tikisa floteri usikie kama imeingia esansi ndani. Mwisho kabisa ndiyo jikleri. Ikiziba, unaisafisha.

Tundu lile linataka kitu chembamba na laini. Uzi mmoja wa shaba, uliochomolewa kwenye kebo ya umeme, unafaa kuliko vyote. Lakini katika mji huu uliojengwa juu ya shaba, uzi wa shaba mfukoni ulikuwa kitu cha hatari. Kebo za migodini zilikuwa zinaibwa, na walinzi wa barabarani walikuwa wakifungua masanduku ya mafundi. Mwenzetu mmoja alikutwa na nyuzi zisizotosha kufunga mfuko wa chumvi, akakaa mahabusu siku mbili. Aliporudi, Shefu wa Garaji alitukusanya.

"Kuanzia leo, shaba mu garaji yangu, hapana! Mutasafisha na waya ya freni."

Waya wa breki ni wa chuma. Hakuna aliyeuliza, na mimi nilitii kuliko wote. Baba yangu aliletwa huku kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, na nyumbani tulifundishwa kwamba mtu wa kwetu akishukiwa hapewi nafasi ya kujieleza. Nikachomoa uzi mmoja wa waya wa breki, nikaunoa ncha, nikautunza ndani ya kifuniko cha kalamu. Nilijivunia uzi ule. Mlinzi yeyote angeweza kunipekua hadi kwenye soksi.

Baada ya miaka michache nilipelekwa Musumba, kule Kapanga, mbali ambako gari likifika watoto wanalikimbilia. Bosi wangu huko alikuwa Administrateri wa ofisi ya afya, mtu mnene mwenye sauti ndogo, aliyeamini kwamba kila kitu kisichofungwa kwa kufuli kimeshaibwa. Tulielewana tangu siku ya kwanza.

Pikipiki niliyoitunza zaidi ilikuwa ya muuguzi aliyeitwa Kayemb. Alikuwa mwenyeji wa huko, mtu wa maneno machache, na aliipangusa pikipiki ile kuliko viatu vyake. Kila Jumamosi aliniletea. Kila Jumamosi nilifungua kabureta na kupitisha uzi wangu kwenye jikleri, imeziba au haikuziba, nikiuzungusha vizuri. Niliona huo ndio usafi.

Mwaka wa pili pikipiki ikaanza kunywa. Esansi ya wiki nzima ikawa inaisha Alhamisi, na vijiji vya mwisho vikakosa chanjo. Kayemb alikuja mwenyewe, suruali imejaa mchanga hadi magotini.

"Tata Mukendi, moto inakunywa sana. Mi sijue juu ya nini. Jana nilisukuma, nilisukuma mpaka ku mugini."

Nilitazama mikono yake. Ilikuwa inazungusha kofia, inazungusha tu, haitulii. Moyoni nikasema, huyu nimemkamata.

Nikafuata njia yangu. Buji nyeusi. Filta safi. Sitateri haijakwama. Floteri nzima. Jikleri nikaielekeza kwenye jua. Ilikuwa wazi, wazi vizuri sana, na nikafurahi kwamba kazi yangu ni safi. Kisha nikainamia tangi nikanusa mafuta ya taa. Mtu anayeuza esansi sokoni huongeza mafuta ya taa ili tangi lionekane limejaa, na mafuta ya taa hutoa moshi na masizi. Kila kitu kilikaa mahali pake. Hadi leo sijui kama nilinusa kweli au nilitaka kunusa.

Nikaenda kwa Administrateri. Hakushangaa hata kidogo, ni kama aliyekuwa ananisubiri. Akamwita Kayemb mbele yangu.

"Kayemb, mekanisie anasema esansi inaenda ku soko."

"Mi siuzishake esansi, Shefu."

"Sasa ni moto njo inasema bongo?"

Kayemb akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. "Muulize Tata Mukendi. Yeye njo anajua moto."

Wote wawili wakaningoja. Nami nikasema kwa sauti ya fundi, "Moto haisemaka bongo."

Kayemb alinyang'anywa pikipiki siku hiyohiyo. Mwezi haukuisha akaondolewa kazini kabisa, akahama Musumba na mkewe, na watu wakawa wanasema wazi kwamba ameuza chanjo za watoto, jambo ambalo hata mimi sikuwa nimelisema.

Pikipiki akapewa muuguzi mwingine, mke wa shemasi wa Kiprotestanti, mama aliyesali kabla ya kupiga kiki. Wiki ya tatu akaja na malalamiko yaleyale. Mnadhani nilijiuliza? Niliuliza kama ana ndugu anayefanya biashara sokoni.

Ndipo nikahamishiwa Dilolo, kwenye mpaka wa Angola, nikaambiwa niende na pikipiki ile. Nikajaza tangi mwenyewe, nikalifunga kwa ufunguo, nikautia ufunguo mfukoni. Sikuwa nimefika hata nusu ya safari niliyoihesabia esansi ile, ikakohoa, ikazimika. Jua lilikuwa utosini. Nikafungua tangi: tupu. Nikachunguza bomba, halivuji. Nikatafuta wa kumshuku. Kufuli lilikuwa zima, ufunguo ulikuwa wangu, na barabarani hapakuwa na mtu ila mimi.

Nikakaa mchangani nikafungua kabureta. Kwenye sanduku nilikuwa na jikleri mpya, bado imefungwa katika karatasi yake ya mafuta. Nikachukua uzi wangu wa breki nikauingiza kwenye ile mpya. Ncha iliingia, uzi ukagoma. Nikauingiza kwenye ile ya zamani. Ukapita wote, tena ukacheza ndani. Chuma kilikuwa kimeila shaba na kupanua tundu, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikaurudisha uzi ule kwenye kifuniko cha kalamu.

Mfanyabiashara mmoja alipita na bidoni zake, madumu ya esansi, akaniuzia, nikafunga jikleri mpya, na pikipiki ikanifikisha Dilolo bila kukohoa. Buji ilitoka na rangi ya biskuti, rangi ambayo kila fundi anaipenda. Nikakaa Dilolo miaka minne. Kila wiki nilijiambia nitaandika barua kwa Administrateri, na kila wiki nilikuta sababu ya kutoandika. Kisha wakanirudisha Kolwezi kuwa Shefu wa Garaji, kwa sababu habari ilikuwa imeenea kwamba mimi ni fundi anayenusa wizi. Nikakubali cheo. Amri yangu ya kwanza ilikuwa kutupa nyaya zote za breki za kusafishia, ila ule uzi wangu niliouficha. Niliwaambia mafundi wasafishe kwa uzi wa shaba, na mlinzi akimkamata mtu aseme ni mimi niliyempa. Waliniuliza sababu. Niliwajibu kwamba ni amri.

Siku ya kustaafu kwangu, Administrateri wangu wa Musumba, naye mzee sasa, alisimama na glasi yake akasimulia. "Huyu Mukendi alimukamata mwizi na pua!" Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikasikia kicheko changu kikitoka kama cha mtu mwingine, na nikaona aibu kuliko siku ile ya barabarani. Wiki iliyofuata nikaulizia habari za Kayemb. Miaka yote hiyo nilikuwa najiambia yuko mbali. Alikuwa Kasulo, mtaa wa hapahapa Kolwezi, nusu saa kwa miguu kutoka kwangu, anauza dawa kwenye kiduka.

Mnaijua Kasulo. Watu wamechimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, na kila mtu anasikiliza sakafu yake ajue jirani anachimba kuelekea wapi. Nilifika asubuhi. Mkewe, Mama Odile, alinikaribisha bila kunikumbuka, akaenda uani kuendelea na kufua. Kayemb alinikumbuka. Nilitandika kitambaa mezani, nikaweka jikleri mbili, ile ya zamani niliyoitunza na nyingine mpya, pamoja na uzi wangu wa breki, nikamweleza yote, tangu waya hadi barabara ya Dilolo. Akapitisha uzi kwenye moja, akajaribu kwenye nyingine. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa.

"Kumbe," alisema. "Na mi nilikuamini."

"Uliniamini namna gani, Tata? Si ulijua hauuzishake?"

"Nilijua si miye. Lakini weye fundi ulisema moto haisemaka bongo. Basi nilisema: kama si miye, ni mutu wa mu nyumba." Akatazama mlango wa uani na kushusha sauti. "Samy, mudogo wa Mama Odile, alikuwa anaikala kwetu. Yeye njo alikuwa ananawisha moto kila mangaribi. Nilimufukuza. Alilia, aliapa, nilimufukuza. Alipitia Dilolo, akaingia Angola. Hatukumusikia tena."

Miaka minne nilikaa Dilolo. Huenda kijana yule alipita mbele ya kibanda changu, nami nikamtazama mikono.

Nilitaka kusema samahani, lakini neno lilikuwa dogo mno. Nimefikiri sana tangu siku hiyo kuhusu mafunzo ya kreti ile ya soda. Shefu wangu hakunidanganya, watu kweli husema uongo. Ila mtu mwenye hofu naye hukosa pa kuweka mikono yake, na mimi sikufundishwa kutofautisha, wala sikutaka kujifunza.

"Mama Odile haijue hii," Kayemb alisema. "Anajua tu kama ndugu yake ni mwizi. Miaka yote iko na haya juu yake, hata jina yake haitajake." Kisha akaita kwa nguvu, "Mama Odile! Kuya hapa. Mekanisie iko na neno yako."

Akanyanyuka akanipisha kiti chake, akatoka nje kwenda kwenye dawa zake.

Mama Odile alikuja akifuta povu la sabuni. Ilinibidi niseme tena yote kuanzia mwanzo, safari hii nikilitaja jina la Samy. Nilipomaliza alichukua jikleri zote mbili, akaenda dirishani, akachungulia mwanga kupitia moja, kisha kupitia nyingine, kisha tena ile ya kwanza.

"Weye ulijua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu ile mwaka, Mama. Mbele ya kufika Dilolo."

"Na ile siku Samy alikuwa angali kule karibu."

Alirudi mezani, akaziweka jikleri juu ya kitambaa, pole pole. Hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu, nami nikaitazama, nikaikuta inazungusha kofia.